Tairodi Endi Zilizolegea: Kukaza, Kufufua, Mtumba, Mbadala au Orijino?

Mwenye gari anayeambiwa gereji kwamba tairodi endi zake zimelegea hujikuta mara moja mbele ya njia kadhaa zenye bei zilizopishana sana. Fundi wa kwanza humwambia kwamba zinaweza kukazwa kwa pesa ya soda. Wa pili anazo za mtumba alizozifungua kwenye gari lililokatwa. Na akifika Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, muuzaji humwekea mezani maboksi matatu yanayofanana kwa nje na kumtajia bei tatu zisizofanana hata kidogo. Ulinganisho huu unachukua mfano wa Toyota ndogo zinazotumia reki ya usukani, yaani chuma chenye meno kinachosogea kushoto na kulia usukani unapogeuzwa, kama vile IST, Vitz, Premio na Probox, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu, na utagusa Land Cruiser za zamani pale tu ambapo mfumo wake unabadilisha jibu.

Tairodi endi ni kifundo kidogo kinachounganisha fimbo itokayo kwenye reki na mkono wa gurudumu la mbele. Ndani yake mna tufe la chuma lililolala kwenye kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu na grisi, na mdomoni mwake kuna raba inayozuia vumbi na maji yasiingie. Mguu wa tufe hilo umechongwa mnene upande wa kifundo na mwembamba kuelekea kwenye nati, ili nati ikikazwa mguu uvutwe na kubana ndani ya tundu lake bila kuacha nafasi yoyote. Upande wa pili wa fimbo, ndani ya mpira wenye mikunjo, kuna kifundo kingine kiitwacho reki endi, ambacho kimefungwa moja kwa moja kwenye mwisho wa reki. Vifundo hivi viwili huchanganywa sana, na kuvichanganya kuna gharama yake, kwani mtu hununua tairodi endi mbili nzuri, huzifunga, na usukani ukaendelea kucheza vilevile kwa sababu kilicholegea tangu mwanzo kilikuwa reki endi.

Kupima: juu ya jeki au chini?

Njia iliyozoeleka ni kuinua gari, kulikalisha kwenye stendi, kushika tairi kwa mikono miwili upande wa mbele na upande wa nyuma, kisha kulitikisa. Njia hii ina faida ya kutenganisha magonjwa: mchezo ukitokea mikono ikiwa mbele na nyuma ya tairi, mashaka yanaelekea kwenye tairodi endi, reki endi au reki yenyewe, ukitokea mikono ikiwa juu na chini, itazamwe bolijointi ya chini, yaani kifundo cha tufe kinachoshika gurudumu kwa chini, au beringi ya gurudumu. Udhaifu wake ni kwamba tairi lililoning'inia hutikisika pamoja na reki nzima, na mtu asiye na uzoefu hushindwa kujua mchezo anaousikia mkononi unatoka wapi.

Njia ya pili hufanywa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote. Msaidizi hukaa kwenye kiti cha dereva na kuuchezesha usukani kidogo tu, huku na huku, wakati mpimaji ameweka vidole vyake juu ya kifundo kwa namna ambayo kidole kimoja kinagusa fimbo na kingine kinagusa mkono wa gurudumu. Kwa kuwa uzito wa gari unalifanya tairi ling'ang'anie ardhi, fimbo husogea kwanza na mkono hufuata baadaye, na pengo hilo la muda mfupi husikika kwenye vidole waziwazi hata kama jicho halilioni. Kwa upande wa reki endi, mpira wenye mikunjo huminywa kwa vidole hadi kifundo kilicho ndani kishikike, kisha zoezi lilelile hurudiwa. Nikilazimishwa kuchagua moja, huchagua hii ya pili, nayo haihitaji jeki wala kifaa chochote.

Raba nayo ikaguliwe. Kifundo ambacho bado kimebana lakini raba yake imepasuka kimeshahesabiwa siku zake, hasa kwa gari linalopita barabara za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, kwa sababu mchanga uliochanganyika na grisi husaga bitana ya plastiki taratibu kila usukani unapogeuzwa.

Kukaza: kupi ni kwa kweli na kupi ni kudanganya macho?

Fundi anayeahidi kukaza aulizwe anakaza nini, kwa maana yapo mambo matatu tofauti anayoweza kuwa ameyakusudia, na thamani yake hailingani.

La kwanza ni kukaza nati inayoshika mguu wa tufe kwenye mkono wa gurudumu. Hili ni halali kabisa ikiwa nati ndiyo iliyolegea, jambo linalotokea pale ambapo kota pini, yaani pini inayopitishwa kwenye nati ili isilegee, haikurudishwa au nati ya zamani yenye plastiki ya kubana ilitumiwa tena baada ya kuchoka. Hata hivyo, kabla ya kuikaza ni vyema mguu utolewe na tundu litazamwe. Gari likitembea kwa muda na nati iliyolegea, mguu hugongagonga ndani ya tundu hadi tundu lenyewe linapanuka na kuwa la yai, na hapo hata tairodi endi mpya ya bei ya juu kuliko zote haitabana, kwa kuwa ugonjwa umehamia kwenye mkono wa gurudumu.

La pili ni kukaza nati ya kufungia, ile inayozuia tairodi endi isizunguke kwenye uzi wa fimbo. Nayo ni kazi halali, lakini ikikutwa imelegea ina maana kwamba urefu wa fimbo huenda umeshabadilika, na gari linahitaji alaimenti, yaani kunyooshwa mwelekeo wa magurudumu, hata kama hakuna spea iliyobadilishwa.

La tatu ndilo lenye matatizo. Baadhi ya mafundi hukichukua kifundo kilicholegea, wakakipiga nyundo kwenye kifuniko chake cha nyuma ili kikombe kibonyee na kulibana tufe, au wakakichomelea kifuniko kikae ndani zaidi, na wengine hutia kipande cha mpira au ngozi katikati. Kwa siku chache usukani huwa mzito na mchezo hupotea, na mwenye gari huondoka ameridhika. Ukweli ni kwamba tufe lililolika halirudi kuwa mviringo; kubanwa huko hukamata pale tu linapolala gari likienda moja kwa moja, na linapogeuka hubana kupita kiasi au kulegea tena. Kuchomelea kuna ubaya zaidi, kwani bitana nyingi za vifundo vya kisasa ni plastiki inayoyeyuka kati ya nyuzi 165 na 175 za Selsiasi, ilhali moto wa kuchomelea unapita hapo mara nyingi mno. Kinachobaki ni chuma juu ya chuma, bila grisi, chini ya raba iliyoungua. Mguu wa tufe ukichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu moja huacha kumsikiliza dereva, na hakuna breki inayorekebisha hilo. Njia hii siiweki hata kwenye mizani pamoja na nyingine, labda kwa mtu aliyekwama porini anayetaka kufika kwa mwendo wa kutembea hadi kwenye mji wa karibu.

Tofauti moja ni ya haki kutajwa. Kwenye Land Cruiser za familia ya 60 na 70, fimbo itokayo kwenye boksi la usukani ina ncha zilizotengenezwa ili zikazwe: ndani mna vikombe viwili na springi, na mwishoni pana kifuniko chenye uzi kinachozuiwa na kota pini. Hapo kukaza ni sehemu ya matengenezo yaliyokusudiwa na mtengenezaji, kwa kufuata kipimo cha kitabu, na vikombe vilivyolika hubadilishwa peke yake. Fundi aliyezoea magari hayo anaposema tairodi inakazwa, huenda anasema kweli kuhusu gari lile na kukosea kuhusu IST yako.

Mtumba dhidi ya mpya

Hoja ya wauza mtumba ni kwamba kifundo kilichotoka na gari Japani ni orijino, na orijino iliyotumika ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Hoja hiyo ina uzito kwenye spea nyingi, lakini kwa tairodi endi siioni ikisimama. Sehemu zinazochakaa hapa ni bitana, grisi na raba, na zote tatu huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa. Isitoshe, kifundo cha mtumba kimeshatolewa kwenye tundu lake kwa nguvu, mara nyingi kwa nyundo, na magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji huwa na kutu ya chumvi chini yake ambayo hula uzi wa fimbo. Anayelazimika kununua ya mtumba alishike tufe kwa mguu wake na kulizungusha: liwe na ukinzani ulio sawa pande zote, lisiwe na sehemu inayoteleza ghafla, lisilie, na mguu usianguke wenyewe kwa uzito wake. Raba iminywe na kukunjwa. Ikionyesha mipasuko midogomidogo kwenye mikunjo, arudishe.

Hesabu hubadilika kama kilichokufa ni reki nzima. Reki mpya ya kampuni ni ghali kiasi kwamba kwa gari la umri mkubwa ununuzi wake huwa mgumu kutetea, na reki ya mtumba iliyo safi, iliyofungwa reki endi na tairodi endi mpya, ni chaguo la busara.

Mpya ya bei ya chini, mbadala wenye jina, na orijino

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu tofauti hazionekani kwa macho siku ya kununua. Mpya ya bei ya chini, ambayo mara nyingi huja kwenye boksi lisilo na jina la mtengenezaji au lenye jina linalokaribiana na la mwenzake maarufu, huwa imebana vizuri dukani. Ubovu wake hujificha kwenye raba nyembamba inayokauka mapema na kwenye ugumu wa chuma cha tufe. Kwa gari linalotembea mjini kwenye lami inaweza kuvumilika. Kwa gari la abiria au la mizigo linalopiga barabara ya vumbi kila siku, mwenye gari hulipa tena ufundi na alaimenti kabla hajasahau malipo ya kwanza, na hivyo ile nafuu ya dukani huwa imekwisha kuliwa.

Mbadala wenye jina ni kundi la kati. Afrika Mashariki jina linalotajwa zaidi ni 555, ambalo ni chapa ya kampuni ya Sankei ya Japani, na kutoka Korea lipo CTR. Kwa magari ya Ulaya, Lemförder na TRW hujulikana zaidi. Orijino ni ile inayouzwa kwenye boksi la kampuni ya gari, kwa bei inayoweza kufika mara kadhaa ya mbadala. Kwa maoni yangu, kwa Toyota ndogo inayotumiwa kawaida, mbadala wenye jina ndio unaostahili pesa, kwa sharti kwamba uwe wa kweli. Orijino naipendekeza kwa reki endi zaidi kuliko tairodi endi, kwa sababu kuibadilisha reki endi ni kazi ndefu: mpira wenye mikunjo hufunguliwa, kifaa maalumu hutumika, na washa ya kuzuia hukunjwa upya. Kazi ya namna hiyo haifai kurudiwa kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei.

Tatizo ni kwamba jina linalopendwa huvutia waigaji. Namba husaidia. Kwenye orodha ya Toyota, tairodi endi ya kulia huanza na 45046, ya kushoto 45047, na reki endi 45503. Kwa 555, tairodi endi huanza na herufi SE na reki endi na SR. Namba iliyochapwa kwenye boksi ilinganishwe na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na herufi zake ziwe safi. Nati mpya ijaribiwe kwa vidole kwenye mguu: iingie bila kukwama na bila kuyumba. Raba iwe imeshikwa na ringi ya waya au ya chuma pande zote, na boksi liwe na nati pamoja na kota pini yake ikiwa aina hiyo huitumia.

Zipo pia zenye nipeli ya kupigia grisi na zilizofungwa moja kwa moja. Yenye nipeli hudumu zaidi kwa mtu anayepiga grisi kila anapobadilisha oili, kwani grisi mpya husukuma nje ile iliyochanganyika na uchafu. Kwa mtu asiyekumbuka hayo, iliyofungwa ni bora, na anayepiga grisi kwa pupa hupasua raba kwa mkono wake mwenyewe.

Je, zibadilishwe zote mbili? Ikiwa moja imekufa kwa sababu raba yake ilichanwa na jiwe na ya upande wa pili bado imebana, moja inatosha. Ikiwa zote zimetembea umri mmoja na ya pili imeanza kuonyesha mchezo mdogo, zibadilishwe pamoja, kwa kuwa alaimenti italipiwa mara moja.

Kutoa: pula, uma au nyundo

Pula ndogo ya vifundo hubana mguu na kuusukuma nje ya tundu bila kuumiza raba, na ndicho kifaa pekee cha kutumia ikiwa kifundo kitarudishwa. Uma unaopigwa katikati hufanya kazi haraka lakini huchana raba, hivyo unafaa tu kwa kifundo kinachokwenda jalalani. Nyundo haina ubaya ikitumiwa na anayejua: hupigwa ubavuni mwa tundu, kwenye chuma cha mkono wa gurudumu, mapigo mawili matatu mazito, na mshtuko huo huufungua mguu. Ubaya ni kupiga uzi wa mguu wenyewe, na kupiga mkono wa gurudumu uliotengenezwa kwa aluminiamu, ambao hupata ufa.

Kabla ya kufungua, fundi aweke alama ya rangi kwenye fimbo na kupima kwa rula kutoka kwenye alama hiyo hadi katikati ya mguu wa tufe. Wengi huhesabu mizunguko tu wakati wa kufungua, nayo hutosha endapo mpya imetoka kwa mtengenezaji yuleyule. Lakini tairodi endi za kampuni mbili zinaweza kupishana urefu wa shingo kwa milimita kadhaa, na hesabu ya mizunguko hukosa maana.

Tundu na mguu vifutwe vikauke; grisi haipakwi hapo. Nati ikazwe kwa spana ya kipimo. Kwa Corolla za miaka ya 2000, nati ya mguu hukazwa kwa nyutoni-mita 49 na nati ya kufungia kwa 74. Magari mengine yana vipimo vyake. Kwa asiye na spana ya kipimo, 49 ni sawa na kusukuma kilo 16 au 17 hivi mwishoni mwa spana ya sentimita 30, na 74 ni kama kilo 25. Tundu la kota pini lisipolingana na pengo la nati, nati huongezwa kidogo, isizidi sehemu ya sita ya mzunguko, na kamwe hairudishwi nyuma kulifuata tundu. Mguu ukizunguka pamoja na nati, jeki iwekwe chini ya kifundo na kukisukuma juu kwa upole hadi mguu ubane.

Alaimenti: jicho, kamba au mashine

Ikiwa fimbo ina uzi unaosogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko, na mkono wa gurudumu una urefu wa sentimita 13 hivi, basi kosa la mzunguko mmoja hulipinda tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 kwa karibu milimita 7 kati ya mbele na nyuma yake. Kwa kuwa Toyota nyingi ndogo huruhusu takriban milimita 2 tu, hata nusu ya mzunguko imeshavuka mpaka, na hakuna jicho la fundi, hata liwe na uzoefu wa namna gani, linaloiona tofauti hiyo. Tairi huanza kulika upande mmoja kimyakimya.

Kamba iliyofungwa sambamba na gari pande zote mbili, pamoja na rula, hutoa matokeo mazuri kuliko watu wanavyodhani, na inafaa kabisa kwa kulifikisha gari salama hadi kwenye mashine. Mashine ina ubora wa kuonyesha pia pembe nyingine na kuchapisha majibu ya kabla na ya baada, na karatasi hiyo idaiwe. Kabla ya kupanda mashine, upepo wa tairi uwe sawa na vifundo vyote viwe vimebana, kwa maana gari lililolegea hupimwa leo hivi na kesho vingine. Fimbo inapozungushwa, klipu ya mpira wenye mikunjo ilegezwe kwanza, la sivyo mpira hujisokota, hupasuka, na maji huingia kwenye reki.

Usukani ukitoka umekaa upande, marekebisho yafanyike kwenye fimbo zote mbili kwa kiasi kilicho sawa, moja ikirefushwa na nyingine ikifupishwa, hadi usukani ukae sawa gari likienda moja kwa moja. Fundi akitaka kuuchomoa usukani wenyewe na kuurudisha meno mawili matatu pembeni, akataliwe: reki itabaki nje ya kati yake, gari litakata kona upande mmoja zaidi ya mwingine, na kwenye gari lenye eabegi utepe wa umeme ulio nyuma ya usukani unaweza kukatika.